Baruti ya Kwale si Baruti ya Ngiri

Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, yamepigwa chapa ili yasomwe pole pole.

Maneno ya kujifunza kwanza: baruti, fataki, marisau, mtutu, mdeki, ganda. Mwalimu ayaandike ubaoni, na kila mmoja ayasome kwa sauti kabla ya kuendelea.

Wewe uliyeyasikia maneno haya katika redio, sasa unayo mkononi, nawe waweza kuyarudia kadiri upendavyo. Na wewe ambaye hukusikia, usihuzunike. Yote yamo humu.

Leo nataka kusema nawe habari ya kuwinda ndege na wanyama wadogo kwa bunduki, yaani kwale, kanga, sungura na digidigi. Sitaki kukufanya mwindaji kama wewe si mwindaji. Lakini bunduki zimo vijijini, na watu wengi wanaozishika hawajapata kuambiwa jambo moja: kwamba kupunguza nguvu ya bunduki ni jambo jema, na tena ni jambo la hatari. Nitakueleza kwa nini yote mawili ni kweli.

Kama umepita njia kuu itokayo Same kwenda Moshi, umeiona Kifaru. Upande mmoja ni milima ya Upare Kaskazini, na chini yake ni nyika ya miiba na mashamba. Reli ya Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, inapita huko huko bondeni. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, kwale hutoka vichakani wakaanza kukwaruza ardhi na kulia kwa sauti ile yao ya kukwaruza pia. Kanga nao huja kwa makundi. Mtu akipanda mahindi leo, kesho kanga wamekwisha kufukua mbegu, mstari kwa mstari, kana kwamba walihesabu pamoja naye. Basi mwenye shamba hukasirika, naye pia hupenda mchuzi wa kanga, na hayo mawili yakikutana hutafuta bunduki.

Sasa fikiri. Kwale ana uzito wa nusu kilo hivi. Kanga ana kilo moja na robo au zaidi kidogo. Digidigi, ambaye ni mdogo kuliko swala wote wa nyika yetu, ana kilo tano hivi. Na bunduki aliyonayo mtu pengine ilitengenezwa kumwua mnyama wa kilo mia mbili. Ukimpiga kwale kwa bunduki ya namna hiyo, utaokota manyoya na mguu mmoja. Umepoteza risasi, umepoteza mboga, na ndege amekufa bure.

Mjomba wangu alilijua jambo hili vizuri. Alikuwa na gobori, tena lenye karatasi zake. Gobori, kama ujuavyo, hujazwa kwa mdomoni mwa mtutu. Kwanza unamimina baruti, halafu unatia kitambaa au nyuzi za katani, kisha marisau, kisha kitambaa tena, nawe unashindilia kwa mdeki. Mwisho unaweka fataki nyuma, mahali nyundo inapopiga. Mjomba hakumimina baruti kwa kukisia. Alikuwa na maganda mawili ya risasi, yaliyokatwa kwa tupa na kufungwa kwa kamba kwenye pembe yake ya baruti. Ganda refu lilikuwa kipimo cha ngiri. Ganda fupi lilikuwa kipimo cha kwale na kanga.

Siku moja nilimwuliza, "Mjomba, mbona humwongezei kanga baruti, afe upesi?"

Akacheka. "Mpwa wangu, mimi nataka kumla, sitaki kumzika."

Na kweli, kanga wake walifika jikoni wakiwa wazima, na bega lake halikuumia, na pembe moja ya baruti ilimtosha miezi mingi. Hizo ndizo faida za kipimo kidogo. Mlio nao huwa mdogo, hata kundi jingine la kanga halikimbii mbali.

Lakini sikiliza lililompata. Asubuhi moja ya masika alimlenga kanga, akafyatua, fataki haikuwaka. Ilikuwa imeingia unyevu. Akaliegemeza gobori kwenye mti, akaenda kumfukuza mbuzi aliyeingia shambani. Aliporudi, mawazo yake yalikuwa bado kwa mbuzi. Akasema moyoni, "Nilikuwa nimejaza au sijajaza?" Akaona kwamba hajajaza. Akamimina kipimo cha kwale, akatia marisau, akashindilia, akaweka fataki mpya. Basi ndani ya mtutu sasa mlikuwa na baruti mara mbili na marisau mara mbili. Alipofyatua, mtutu ulipasuka katikati, pale mkono wa kushoto unaposhika. Vidole viwili vilikwenda. Aliishi, akalima, akafa mzee, lakini tangu siku ile hakuweza kufunga kifungo cha shati peke yake.

Ndugu msomaji, angalia vizuri sababu ya ajali hii. Kama angalikuwa amejaza baruti ya ngiri, mdeki ungalibaki nje sana mara ya pili, naye angalishtuka. Lakini kipimo cha kwale ni kidogo. Mdeki ulibaki nje kidogo tu kuliko kawaida, na jicho lililokuwa likimtazama mbuzi halikuona. Kitu kidogo kinaweza kuwekwa mara mbili bila kuonekana. Hiyo ndiyo hatari iliyofichwa ndani ya baruti kidogo, na utaiona tena mbele katika bunduki za kisasa.

Dawa yake ni rahisi, nayo ni ya kusoma na kuandika. Wenye magobori wenye busara huchonga alama mbili kwenye mdeki. Mtutu ukiwa mtupu, mdeki huingia mpaka alama ya kwanza. Ukiwa umejazwa kipimo cha ndege, huishia alama ya pili. Ukiwa na mashaka, tumbukiza mdeki usome. Usijiulize moyoni, uulize mdeki. Alama ile ni herufi, nayo ina maana moja tu. Ukiona mdeki umeishia mahali pasipo alama, bunduki hiyo usiifyatue kabisa; ipelekwe kwa fundi mwenye leseni.

Tena marisau yashindiliwe mpaka yaikalie baruti. Yakiachwa juu, pakawa na nafasi katikati, mtutu unaweza kupasuka hata kama baruti ni kidogo. Na magobori mengi yaliyotengenezwa kwa siri, kwa bomba la maji, hayana nguvu ya kuvumilia kosa hata moja. Bomba la maji ni la maji.

Sasa tutoke kwenye gobori twende kwenye bunduki za kisasa. Baruti ya gobori ni baruti nyeusi, ile yenye moshi mwingi. Askari wengi waliopigania upande wa Wajerumani mjini Tanga mwezi wa Novemba 1914 walikuwa na bunduki za zamani za baruti hiyo, na kila walipopiga, wingu la moshi liliwaonyesha mahali walipo. Baada ya hapo vita vilipanda na reli hii hii. Mwezi wa Machi 1916 walipigana Kahe, stesheni jirani na Kifaru. Majeshi ya Waingereza yalikuwa na bunduki za 303, za baruti isiyo na moshi. Baruti hii ya pili ni kali kuliko ile nyeusi, na tabia yake ni nyingine kabisa. Aliyezoea moja asidhani anaijua ya pili.

Tufanye hesabu kidogo. Risasi ya 303 ina uzito wa gramu 11 na kitu, nayo hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 740 hivi kwa sekunde moja. Risasi ndogo ya 22 ina uzito wa gramu 2 na nusu hivi, na mwendo wake ni mita 330 hivi kwa sekunde. Nguvu ya risasi hupatikana kwa kuzidisha uzito kwa mwendo, kisha kwa mwendo tena, na kugawanya kwa mbili. Ukifanya hesabu hiyo utaona kwamba risasi ya 303 ina nguvu zaidi ya mara 20 kuliko ya 22. Nayo hiyo ya 22 inatosha kabisa kumwua kanga au sungura. Tena angalia: kwa kuwa mwendo unazidishwa mara mbili, ukipunguza mwendo ukawa nusu, nguvu haiwi nusu, inakuwa robo.

Kwa sababu hiyo, katika nchi za baridi kama Marekani na Kanada, wawindaji wa wanyama wakubwa wana desturi ya kubeba risasi chache zilizopunguzwa baruti. Huko msituni wapo ndege wanene wa jamii ya kwale, wenye manyoya mpaka miguuni kwa ajili ya theluji. Mwindaji anayefuata paa mkubwa kwa siku tatu hukutana na ndege hao njiani, naye hutaka kitoweo cha jioni. Haji na bunduki ya pili. Hutia risasi dhaifu katika bunduki ile ile, akamlenga ndege kichwani. Watu hao hujaza maganda yao wenyewe nyumbani, sheria zao zikiwaruhusu, wakitumia mizani ya kupima hata chembe, na vitabu vinavyosema baruti ipi, kiasi gani, kwa risasi ya uzito gani.

Hata hivyo nao huumia. Kwanza, baruti ikiwa kidogo mno, risasi haifiki nje. Inakwama katikati ya mtutu. Mwenye bunduki husikia mlio mdogo, hudhani amekosa, akapiga nyingine nyuma yake. Hapo mtutu huvimba au hupasuka. Pili, ganda la bunduki kubwa ni kubwa, na baruti kidogo hulala chini yake kama uji kidogo ndani ya mtungi. Mtu akisahau akatia mara ya pili, na hata mara ya tatu, ganda halifuriki. Ni kosa lile lile la mjomba wangu. Tatu, zipo baruti za kisasa ambazo hazikutengenezwa kupunguzwa. Zikiwa chache ndani ya ganda kubwa, mara nyingine hukataa kuwaka vizuri, na mara nyingine huleta shindo kubwa kuliko ganda lililojaa, hata bunduki ikaharibika. Jambo hilo linashangaza, lakini watengenezaji wa baruti wenyewe huonya juu yake.

Kwa hiyo, ukiona mtu kijijini anang'oa risasi kwa koleo, anamwaga nusu ya baruti juu ya gazeti, kisha anairudisha risasi kwa nyundo, ondoka hapo, uondoe na watoto. Simsemi kwa dharau. Wazo lake ni zuri: ameona kwamba nguvu imezidi. Lakini hana mizani, hana kitabu, wala hajui ile ni baruti gani. Tena kwa sheria ya silaha ya mwaka 2015, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa.

Afanye nini basi? Anunue nguvu ndogo iliyopimwa tayari kiwandani. Hapo ndipo kusoma kunapomfaa mtu kuliko shabaha.

Bunduki ya marisau, ambayo wengine huiita shotigani, ndiyo bunduki ya ndege. Juu ya boksi la risasi zake utakuta namba mbili, na watu wengi huzichanganya. Namba ya kwanza, kama 12, ni upana wa mtutu. Asili yake ni hii: chukua ratili moja ya madini ya risasi, igawanye mafungu 12 sawa, fanya kila fungu tufe. Tufe moja linaenea sawasawa katika mtutu wa namba 12. Ukigawanya mafungu 20, kila tufe ni dogo zaidi, kwa hiyo mtutu wa 20 ni mwembamba kuliko wa 12. Namba imepanda, upana umeshuka.

Namba ya pili ni ukubwa wa punje za marisau, nayo pia huenda kinyume. Punje za namba 6 ni ndogo, hazifiki milimita 3 kwa upana, na katika gramu 28 zinaingia zaidi ya 200. Punje za namba 4 ni kubwa kidogo. Kwa kwale, namba 6 au 7 yatosha. Yale mabonge makubwa yaliyoandikwa SG si ya ndege. Halafu soma uzito. Boksi likisema gramu 28, hiyo ni risasi nyepesi. Likisema gramu 36, hiyo ni nzito. Nyepesi yamtosha kwale wa hatua 30. Basi umepata kipimo kidogo bila kugusa baruti.

Hapa nina onyo moja, nalo usilipite haraka. Mtu mwenye bunduki ya 12 anaweza kufikiri hivi: "Risasi ya 20 ni ndogo, basi ndiyo ya kwale." Akaitia. Risasi ya 20 huteleza ndani ya mtutu wa 12, ikakwama mbele kidogo, isionekane. Mtu akitazama, anaona bunduki tupu. Anatia risasi ya 12 nyuma yake, anafyatua, na zote mbili zinawaka pamoja karibu na mkono wake. Kwa ajili ya hatari hii viwanda vingi hutengeneza ganda la 20 kwa rangi ya njano, ili hata asiyejua kusoma ashtuke. Wewe unajua kusoma. Soma namba iliyopigwa kitakoni mwa ganda, kisha soma namba iliyopigwa kwenye mtutu. Zisipofanana, usitie.

Tena fikiri habari ya umbali. Punje ndogo za marisau huchoka upesi. Lakini risasi moja, hata ile ndogo ya 22, yaweza kwenda kilomita moja na nusu ikipigwa kuelekea juu. Kanga hupenda kulala juu ya miti. Mtu anampiga jioni kwa risasi moja, anamkosa, na risasi inaendelea na safari. Inakwenda wapi? Bondeni pale Kifaru kuna njia kuu, reli, nyumba, na wachungaji wanaorudisha ng'ombe saa hiyo hiyo. Risasi iliyopunguzwa nguvu haikupunguzwa hatari kwa mtu usiyemwona. Ndege aliye juu ya mti aachwe mpaka ashuke, au apigwe kwa marisau tu, na kwa ruhusa.

Nimesema ruhusa. Kwale ni mdogo, lakini kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 yeye naye ni mnyamapori, na kumwinda kunataka leseni. Kabla ya kutoka nyumbani, uliza ofisi ya wanyamapori ya wilaya: msimu umefunguliwa? Eneo gani? Ndege wangapi? Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu mwaka 1951, imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2008, na humo hakuna kuwinda hata kwale mmoja. Nayo silaha lazima iandikishwe. Kama babu alikuachia gobori lisilo na karatasi, usilifiche darini. Serikali imewahi kutoa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, kama miezi ya Septemba na Oktoba 2023. Mwone mtendaji wa kijiji akueleze njia, nawe usilibebe barabarani kabla hujaambiwa namna.

Neno la jikoni, mama zangu, maana kanga akishakufa kazi huja kwenu. Marisau mengi ni madini ya risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Mpapase ndege kwa vidole kabla ya kupika, fuata kila tundu, toa punje, na ile nyama iliyovilia damu kuzunguka tundu ikate utupe. Usimpe mbwa wala kuku. Risasi yenye mwendo mkali hutawanya vipande vidogo visivyoonekana mbali ndani ya nyama. Yenye mwendo mdogo hutawanya vichache. Hiyo ni sababu nyingine ya kumpendelea mjomba na ganda lake fupi.

Sasa chukueni madaftari. Kwanza, chora mdeki wenye alama mbili, uandike kando ya kila alama maana yake. Pili, ratili moja ni gramu 454 hivi. Tufe moja la mtutu wa 12 lina gramu ngapi, na la mtutu wa 20 lina gramu ngapi? Tatu, andika kwa maneno yako mwenyewe, mistari mitano: mjomba angalifanya nini aliporudi kutoka kwa mbuzi? Andikeni kwa wino, na juma lijalo kila mmoja asome lake mbele ya wenzake.